Nani Anaruhusiwa Kukucheka? Utangulizi wa Elimu ya Utani, Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Jeneza limefika makaburini, vijana wameshika kamba, kiongozi wa dini anasubiri, na hapo mtu mmoja anajitosa shimoni, analala chali, anafumba macho. Hatoki. Anasema nyumba hii ameiona yeye kwanza, marehemu akitaka kukaa alipe kodi. Wafiwa waliokuwa wakilia tangu alfajiri wanaanza kuuma midomo kuzuia kicheko. Mmoja anatoa noti ya elfu mbili; mtu wa shimoni anaigeuza huku na huku, anaikataa, anauliza kama ndiyo thamani ya mtu aliyekuwa na ng'ombe zizi zima. Ikiongezwa nyingine anatoka, anajipangusa vumbi, na mazishi yanaendelea. Hakuna aliyekasirika. Mtu huyohuyo ndiye atakayeonekana jioni akipasua kuni za msiba na kusimamia chungu cha maharage.

Karibu kwenye elimu inayojishughulisha na mtu huyo na wenzake. Wenzake ni wengi. Yumo bibi anayemwita mjukuu wake wa miaka mitano mume na kumfokea kwa kutoleta kitoweo. Yumo shabiki wa Yanga anayezungushwa kwa toroli mitaa ya Kirumba akiwa amevishwa jezi ya Simba, kwa kuwa aliweka ahadi kabla ya mechi na mechi ikamgeuka. Yumo muuza dagaa wa Mwaloni ambaye kila akimwona Mhaya humuuliza ndege imetua saa ngapi. Wote hawa wanafanya jambo ambalo jirani zao wanalijua vizuri, na ambalo wasomi wamelihangaikia kwa karibu miaka mia moja.

Anayeingia katika fani hii kwa mara ya kwanza huwa na haraka ya kuuliza kinachochekesha ni nini. Si swali baya, lakini halifiki mbali, kwa sababu maneno ya mtani yakinakiliwa kwenye karatasi hukauka papo hapo. Maswali yanayozaa ni mengine: nani ana haki ya kumcheka nani, nani hana ruhusa ya kukasirika, na gharama analipa nani. Ukiyashika hayo matatu, hata kichekesho kisichokuchekesha kinaanza kukupa habari.

Mjadala ulifunguliwa Paris mwaka 1926, Marcel Mauss alipotoa mhadhara kuhusu jamaa wanaotaniana. Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown akaandika katika jarida la Africa maelezo ambayo hadi leo kila mwanafunzi huanza nayo. Utani, alisema, ni uhusiano ambao mtu mmoja kwa desturi anaruhusiwa, na mahali pengine analazimika, kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake hana budi kuvumilia. Sababu aliiona katika watu ambao wameunganishwa na kutenganishwa kwa wakati mmoja. Shemeji yako ni wako kwa ndoa, lakini ukoo wake si wako na masilahi yake si yako. Kwa watu wa namna hiyo kuna njia mbili za kukwepa ugomvi: heshima kubwa ya kukaa mbalimbali, kama mtu na mama mkwe wake, au dhihaka ambayo pande zote mbili zimekubaliana kutoitia moyoni.

Kwa upande wa Tanganyika, mmoja wa waliotangulia kuukusanya utani wa makabila kwa mapana alikuwa mtaalamu wa ndege. R. E. Moreau alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara, na katikati ya kuhesabu mayai na viota aliwauliza watu wanataniana na kabila gani na kwa nini. Makala yake ya mwaka 1944 bado inasomwa. (Nadhani kazi ya ndege ilimfaa: ilimzoesha kukaa kimya na kusubiri.) Aligundua kwamba utani wa makabila haukutawanyika ovyo. Ulifuata njia za misafara na kumbukumbu za vita vya karne ya 19, na Wanyamwezi, jamaa wa karibu wa Wasukuma, walikuwa katikati ya mtandao huo. Ni jambo linaloeleweka. Mpagazi aliyetoka bara na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo alipita nchi za watu wasio ndugu zake kwa miezi. Alihitaji mtu wa kumpa maji, wa kumlaza akiugua, wa kumzika akifa. Watu waliokuwa wamepigana jana walihitaji namna ya kusalimiana leo. Utani uliwapa yote hayo, pamoja na ruhusa ya kumnyang'anya mgeni wako kofia na kumwambia airudie kesho.

Waliofuata walichimba zaidi katika sehemu mojamoja: James Christensen kwa Waluguru mwaka 1963, T. O. Beidelman kwa Wakaguru mwaka 1966, Peter Rigby kwa Wagogo mwaka 1968. Kazi zao zilionyesha kwamba mtani hakai msibani kwa ajili ya kuchekesha tu. Ana kazi. Anagusa vile ambavyo ndugu hawapaswi kuvigusa, anasema ambalo ndugu hawezi kulisema, anawarudisha wafiwa kwenye hali ya kawaida. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliupa utani nafasi ya somo kamili, na habari za makabila mengi zikakusanywa. Utaona kwamba majina haya karibu yote yanaangukia mashariki na katikati ya nchi. Huku ziwani watafiti walivutwa zaidi na utemi, uganga na ngoma. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, aliandika kuhusu watemi wa Usukuma mwaka 1951 na kuhusu sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953. Utani kwake ulibaki pembeni. Kwa mwanafunzi wa leo hiyo ni bahati.

Sasa niseme ninapotofautiana na walimu wangu. Nadharia ya Radcliffe-Brown inaeleza vizuri kwa nini ruhusa ya kucheka ipo. Haielezi kwa nini mtani mmoja akiingia msibani watu husogeza viti kumpisha, na mwingine mwenye ruhusa ileile akifungua mdomo watu hutazama chini. Kwa nadharia hiyo, wote wawili wametimiza wajibu. Kwa wafiwa, mmoja ni fundi na mwingine ni mzigo. Ukikaa na wananzengo, yaani wanakijiji, wa Kisesa au Magu usiku wa matanga, utasikia wakiwalinganisha watani waliopita: nani alijua kupima, nani alijua kuacha, nani alimfanya mjane acheke bila kumvunjia heshima. Wanazungumza kama wahakiki. Mimi naona elimu hii imetumia muda mwingi kueleza haki ya utani na muda mchache mno kueleza ufundi wake, na mwanafunzi atakayerekebisha hilo atakuwa amefanya kazi kubwa.

Mwanza inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu ni mji wa watu waliokuja. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, pamba ikashuka kutoka vijijini, meli zikaleta watu wa Bukoba na Musoma na Kisumu. Kwa sensa ya 2022 mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3.6. Wasukuma ndio wengi, lakini kwenye benchi moja la kahawa karibu na Makoroboi unaweza kumkuta Mkerewe, Mjita, Mhaya, Mkurya na Mhindi aliyezaliwa mtaa wa pili, wote wakigombania gazeti moja la michezo. Watu hawa hawakurithi utani wa misafara kati yao. Wameutengeneza mjini. Msukuma atachokozwa kwa michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo watani wake humwambia amevificha mfukoni hata kwenye suti ya harusi. Mhaya atachokozwa kwa senene na kwa kujisifu, Mkurya kwa hasira za haraka, Mkerewe kwa ugali wa muhogo unaoshika mkono kama gundi.

Jambo hili si la Mwanza peke yake. J. Clyde Mitchell aliliona kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na kuliandika mwaka 1956 katika kitabu chake kuhusu ngoma ya kalela: watu waliotoka vijiji vya mbali, wakiwa wamerundikana mjini, waligawana kwa makabila na kutaniana kwa makabila, na kutaniana huko kukawa njia ya kumweka mgeni mahali fulani katika akili zao. Ukishajua huyu ni wa wapi, unajua umwanzie wapi.

Lakini hapa pana shimo ambalo watafiti wengi wameingia, nami namwomba msomaji apunguze mwendo. Si kila anayemcheka mtu wa kabila jingine anafanya utani. Mhaya aliyeulizwa habari za ndege akijibu kwa matobolwa, na wote wawili wakinywa kahawa kutoka birika moja, na wiki ijayo mmoja akifiwa mwingine akaja na mchele, hapo pana utani, hata kama hauna umri wa misafara. Kijana aliyetoka Bariadi akichekwa na bosi wake ofisini kwa sababu ulimi wake unaweka l mahali pa r, naye hawezi kumjibu bosi, na bosi hatakanyaga msibani kwake, hapo hapana utani. Pana kejeli iliyoazima nguo za utani. Kipimo ni kurudishiana na wajibu. Uliza tu: huyu aliyechekwa anaweza kucheka naye? Na aliyecheka, atabeba jeneza?

Vichekesho vya redio na televisheni vinakaa katikati ya mambo haya mawili na ni vigumu kuviainisha. Kundi la Futuhi, lililorushwa na Star TV kutoka Mwanza, liliwachekesha watu wa kanda ya ziwa kwa lafudhi na mikogo ya nyumbani kwao, na watazamaji walijiona humo. Lafudhi hiyohiyo ya Kisukuma ikiigizwa na mtu wa Dar es Salaam asiyejua hata kuamkia “mwangaluka”, mambo yanabadilika. Nani anaigiza na mbele ya nani: hayo ni maswali ya fani yetu, si ya wahakiki wa filamu peke yao.

Hata hivyo, ukinibana nitaje mahali ambapo uchangamfu wa watu wa ziwani umefikia kilele, sitaanza na utani wa kabila kwa kabila. Nitakupeleka kwenye ngoma za Wasukuma wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, ghala zikiwa zimejaa na jembe likiwa limepumzika. Vikundi vya ngoma vya Usukuma vimegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanazihusisha pande hizi na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa ngoma mpaka watu wakagawanyika nyuma yao. Mgawanyiko huo ulivuka koo na vijiji. Jirani yako anaweza kuwa wa upande wa pili.

Jinsi wanavyoshindana ndiyo inayonifurahisha. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja na ngoma zake. Hakuna majaji wenye karatasi na kalamu. Watazamaji wanasimama wanapotaka, na wanahama wanapotaka. Kikundi kilichovuta umati mkubwa ndicho kilichoshinda. Basi fikiria hali ya mcheza ngoma: anaimba, anatoka jasho, na kwa pembe ya jicho anaona migongo ya watu ikimwondokea. Afanye nini? Hapo ndipo akili zote zinapotolewa. Bayeye, chama cha wataalamu wa nyoka, wanaingia na chatu hai shingoni. Wacheza bugobogobo wanarusha majembe hewani na kuyadaka kwa pamoja. Sanamu za mbao zinachezeshwa viungo. Unatungwa wimbo wa kumkashifu manju wa upande wa pili, uvivu wake, mke wake aliyemkimbia, dawa yake iliyochacha, na umati ukisikia jina linalojulikana unageuka kusikiliza. Manju aliyekashifiwa hana haki ya kwenda kushtaki. Ana haki ya kutunga mwingine, na lazima autunge sasa hivi, kabla watu hawajamaliza kuhama.

Dawa nazo zimo. Kila upande una dawa zake za kuvuta watu na za kuwapoozesha wapinzani, na hakuna anayeona aibu kusema hivyo. Mwanafunzi akijaribu kutenganisha dawa, ufundi wa kutunga na uhodari wa kucheza, atakuta wacheza ngoma wenyewe hawavitenganishi. Aliyeshindwa atasema dawa ya mwenzake ilikuwa kali. Hasemi nyimbo zake zilikuwa mbovu. Kisingizio hicho nacho ni cha thamani kwetu, kwa sababu kinamruhusu aliyeshindwa arudi mwakani bila kuvunjika moyo.

Mtu aliyeielewa mapema nguvu hii ya ngoma ya kuvuta watu alikuwa padri. David Clement, mmisionari wa Shirika la White Fathers kutoka Québec, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, aliiunganisha sikukuu ya Ekaristi na msimu wa ngoma huko Bujora, karibu na Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini. Sikukuu hiyo, inayoitwa Bulabo, huadhimishwa mwezi wa Juni, na baada ya maandamano ya ibada Bagika na Bagalu wanachukua uwanja. Hapohapo Bujora ikaanzishwa Makumbusho ya Wasukuma mwaka 1968. Wapo waliomlaumu kwa kuchanganya madhabahu na chatu. Mimi namhesabu miongoni mwa wanazuoni wa fani yetu, kwa sababu aliona kwamba umati unaocheka ni umati uliokusanyika, na padri yeyote anajua ugumu wa kuukusanya.

Wanaotaka kusoma nyimbo za kazi na za mashindano watafute kitabu kinene cha Frank Gunderson cha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za wakulima wa Kisukuma. Utaona humo kwamba jembe na dhihaka vilikwenda pamoja. Vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wao nsumba ntale, walilima shamba la mtu kwa zamu huku wakiimba, na mvivu aliyebaki nyuma ya mstari alijisikia ndani ya wimbo kabla hajaukaribia mwisho wa tuta.

Mpira umerithi sehemu kubwa ya mambo haya. Magazeti yenyewe yanaziita Simba na Yanga watani wa jadi, na hayakukosea, kwa kuwa mashabiki wao wanazingatia kanuni zote tulizozitaja: dhihaka ni halali, hasira ni aibu, na kwenye msiba wa shabiki bendera za pande zote mbili huonekana. Mwanza imeongeza ladha yake. Toto Africans ilijulikana kama mtoto wa Yanga, kiasi kwamba Yanga ilipokuja uwanja wa CCM Kirumba watu waliulizana kama leo mtoto ataweza kumfunga baba, au ataogopa kunyimwa ada ya shule. Pamba nayo, timu iliyozaliwa katika enzi ya zao lenyewe, ilishuka daraja mwaka 2001 na kukaa nje ya ligi kuu hadi ilipopanda mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Miaka yote hiyo zaidi ya 20 mashabiki wake walitaniwa bila kuwa na mechi ya kujibia. Atakayekaa nao vijiweni na kukusanya walivyojitetea atatuandikia sura nzuri sana juu ya ustahimilivu.

Kuna chanzo kimoja ambacho wanaanthropolojia wamekipita mara nyingi kwa sababu kimewekwa kwenye rafu ya riwaya. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapishaji. Akaiandika upya kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Kisa chenyewe kinaanza kwa maneno mabaya: ndugu wa mume wanamsimanga Bugonoka kwa kukosa mtoto, na wazazi wake wanamchukua. Myombekere anakwenda kumwomba mkewe, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Kurasa baada ya kurasa zinafuata za kutafuta ndizi, kuziivisha, kuzikamua, kuomba msaada, kubeba, na katika kila hatua watu wanasalimiana, wanachokozana, wanakaribishana, wanapimana maneno. Wasomaji wenye haraka huona kurasa hizo zinachelewesha hadithi. Kwa fani yetu, hizo ndizo hadithi. Kitereza anaonyesha, bila nadharia hata moja, masimango yanayovunja nyumba na dhihaka inayoijenga, katika kisiwa kimoja na mara nyingine katika kinywa kimoja. Namshauri mwanafunzi amsome yeye kabla ya Radcliffe-Brown.

Isidhaniwe kwamba Waafrika peke yao ndio wenye uhuru wa kuchekana kwa ratiba. Katika mji mdogo wa Egremont, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kuna gulio linalofanyika tangu mwaka 1267, na miongoni mwa mashindano yake ni kukunja uso. Mshindani anavaa kola ya farasi shingoni na kufanya sura mbaya kuliko zote, na mji mzima unashangilia. Mtu anayeheshimika siku zote anaruhusiwa kuwa kituko kwa dakika moja. Kitu ambacho sijakiona huko ni deni. Aliyeshinda Egremont anakwenda nyumbani na zawadi yake. Hadaiwi kuni za msiba wa mtu. Ulinganisho wa namna hii unafaa, mradi tuangalie kinachokosekana upande mmoja badala ya kufurahi tu kwamba pande zote zinacheka.

Nimesema ya kufurahisha kwa urefu, na haifai kuficha upande wa pili. Usukuma umekuwa na mauaji ya vikongwe waliodhaniwa wachawi, na mara nyingi dalili iliyotajwa ilikuwa macho mekundu, ambayo ni kazi ya moshi wa kuni na samadi jikoni. Kabla ya panga kulikuwa na maneno ya mtaani, na maneno hayo mara nyingine yalianza kama mzaha. Watu wenye ualbino wa kanda ya ziwa wanajua vilevile jina la kuchokoza linaweza kufika wapi. Iko pia faini ya kijiji wanayoiita mchenya: asiyehudhuria misiba ya wenzake anaweza kujikuta wananzengo wamefika kwake kwa nyimbo, wamekamata mbuzi, wamepika na kula. Wanaokula wanacheka. Anayeliwa mbuzi, hasa kama ni mjane au mgonjwa, hacheki, na viongozi wa serikali wamewahi kuikemea desturi hiyo. Mtafiti akiandika tu kwamba jamii ilifurahi, amehesabu upande mmoja wa sufuria.

Kuhusu namna ya kufanya kazi hii, nina machache. Jifunze salamu kabla ya maswali. Mtu asiyejua kuamkia hapewi nafasi ya kuchokoza, na asiyechokoza hachokozwi, basi atarudi na daftari tupu. Usimuulize mtani kwa nini alisema vile. Muulize nani angekatazwa kusema vile, na utapata jibu la nusu saa. Andika kilichosemwa baada ya kicheko kwa makini kuliko kilichosemwa kabla yake, kwa kuwa ndipo watu wanapotathmini. Fuata pesa: noti iliyotolewa kaburini ilikwenda wapi, nani alinunua soda, nani aliambiwa arudishe. Usirekodi msibani bila idhini ya wenye msiba, hata kama kila mtu ameshika simu. Na wewe mwenyewe kubali kupewa mtani. Watakutafutia mmoja kwa kabila lako au kwa timu yako, na kuanzia hapo utakuwa na wajibu. Wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe wana faida ambayo mgeni hana: wengi wao tayari wana deni la msiba mahali fulani.

Zipo mada zinazosubiri mtu. Maandishi ya kwenye mitumbwi ya wavuvi na nyuma ya bajaji hayajakusanywa kwa utaratibu, wakati maneno ya kanga yamepata wanazuoni wake. Utani wa mabibi na wajukuu katika makundi ya simu, ambako bibi aliyeko Sengerema anamtumia “mume” wake aliyeko Dodoma sauti ya kumdai vocha, haujaguswa. La haraka kuliko yote liko Kigongo na Busisi. Kwa miaka mingi msafiri wa Sengerema, Geita na Bukoba alisubiri kivuko hapo, na foleni ya magari ilikuwa baraza: wauza samaki wa kukaanga, mayai, karanga na miwa walijua madereva kwa makabila yao, kwa timu zao na kwa madeni yao, na kila basi lilipokelewa kwa maneno yake. Juni 2025 daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa, na sasa gari linavuka kwa dakika chache bila dereva kushusha kioo. Wachuuzi wengi bado wanaishi palepale, pande zote mbili za maji, na wanakumbuka nani alimwambia nani nini.